Mlango wa Gari la Mgeni

Jina la kampuni iliyotengeneza gari lile silitaji. Aliyewahi kuwa nalo atalitambua kwa ubavu: milango yake haikuwa ya bati kwa nje, ilikuwa ya plastiki ngumu, na toroli la dukani likiigonga, plastiki iliingia ndani kidogo kisha ikarudi mahali pake. Kampuni hiyo ilifungwa nikiwa shule ya msingi Morogoro, wala sikujua kama duniani kulikuwa na kitu kama hicho. Nilikuja kuijua ikiwa marehemu tayari, na kama marehemu yeyote, niliijua kwa masimulizi ya wafiwa.

Mfiwa mkuu alikuwa mzee mmoja wa kwetu anayeishi Oxon Hill, Maryland, aliyekuwa dereva wa ubalozi wetu hadi alipostaafu. Ndiye aliyelinunua gari likiwa jipya. Alipopata jingine hakuliuza. Alimpa Mtanzania mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, alitumie mpaka asimame kwa miguu yake, kisha alirudishe. Likarudi, akampa mwingine. Kufikia mimi lilikuwa limezunguka kwa wauguzi, wanafunzi, mpishi mmoja na mchungaji mmoja, nalo lilikuwa na umri unaokaribiana na wangu. Watu waliliita gari la mgeni. Kadi na bima vilibaki kwa jina la mzee miaka yote. Sisi tulikabidhiwa ufunguo tu.

Ufunguo huo ulikuja na hotuba. Nakumbuka siku yangu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya pili na kupata kazi Springfield, ng'ambo ya mto, na usiku kucha nilikuwa nimejiuliza kama nimshike mzee mkono kabla ya kuamkia au baada. Niliamkia kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa upande wa abiria. Gari halikabidhiwi mtu asiyejua lilikotoka."

Akaniambia kwamba kampuni kubwa ya magari ilikuwa imechoka kushindwa na magari madogo ya Wajapani, ikazaa kampuni ndogo, ikaijengea kiwanda chake mbali shambani, ikaiambia: wewe fanya mambo kwa namna yako. Na namna yake moja ilikuwa hii: bei haishuki.

"Nilimwambia kijana, punguza. Akatabasamu. Nikaondoka, unaujua ule mwendo wa kusubiri kuitwa? Nikafika getini, sijaitwa. Nikafungua mlango wa gari la rafiki yangu taratibu, sijaitwa. Tukawasha. Binti, nimefika nyumbani hawajaniita!"

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi na mke wangu. Nikamwambia, wewe kataa, mimi nijifanye nalitaka. Bei ile ile. Tukabadilishana, yeye alitake, mimi nikatae. Bei ile ile. Mwishowe nikalipa kama walivyosema. Siku ya kuchukua ufunguo wafanyakazi wote wakatoka, wakajipanga, wakanipigia makofi, wakanipiga picha. Nikamwambia mke wangu, unaona? Wananicheka kwa kulipa bei nzima."

Alicheka mpaka akafuta macho. Makofi yale, aliniambia, yalikuwa desturi yao kwa kila mnunuzi. Na kuna mwaka kiwanda kiliwaalika wenye magari waende kula nyama choma na kuwaona walioyaunda. Yeye hakwenda, alikuwa zamu, na jambo hilo bado lilimuuma. Halafu kampuni mama ikapata misukosuko, ikaanza kupunguza watoto, na mtoto huyu akakosa wa kumlea.

"Kwa hiyo hili gari ni yatima," akamalizia. "Yatima hasemwi vibaya. Mlango huu wa dereva haufunguki kwa ndani. Unashusha kioo, unatoa mkono, unafungua kwa nje. Ndivyo walivyoutengeneza."

"Kwa nini?"

"Usalama. Dereva asikurupuke kutoka."

Mtu yeyote angeuliza swali la pili. Mimi ninayeweza kukaa robo saa nikipima kama ujumbe wa kazini uishie na nukta au alama ya mshangao, sikuuliza. Nadhani ni kwa sababu maelezo yale yalinifaa. Niliona kampuni iliyojali hivyo ni kampuni ya watu wenye wasiwasi kama wangu, nikaipenda. Miaka miwili nilishusha kioo kwa kuzungusha, mvua na theluji, na kuingia ofisini nimelowa mkono wa kushoto peke yake. Kwenye misiba na harusi za watu wetu nilikutana na waliolishika kabla yangu, na wote walilisifu. Hakuna aliyelitaja kwa ubaya. Mpishi aliniambia linanusa tu oili, halinywi. Muuguzi aliniambia ule mlio wa feni ni injini inapumua. Kila ubovu ulikuwa na sababu yake, na sababu hiyo aliyeweza kuikanusha alikuwa amekwisha kufa.

Basi mwaka huu nilinunua kigari changu, cha mkono wa pili, chenye buti la nyuma linalofunguka juu. Zamu ya kurudisha ikafika. Mgeni aliyefuata alikuwa mama mmoja wa Kongo ya mashariki, aliyefikia Laurel na watoto wake baada ya miaka mingi ya kambini. Tulifahamiana kanisani, ambako yeye aliimba na mimi nilikaa nyuma nikifikiria kama nimekaa mahali pa mtu. Alikuwa amepata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, katika vitongoji ambavyo basi halifiki. Ofisi iliyomwajiri ilimwambia aanze Jumatatu, aje na kadi ya gari yenye jina lake mwenyewe. Bila kadi, nafasi ilikuwa na mtu mwingine anayeisubiri.

Na watoto wa mzee nao walikuwa wamemwomba baba yao aache kubeba bima ya gari asiloliendesha. Kwa hiyo safari hii gari lilikuwa lihamie kabisa kwa jina la mama. Maryland, gari likihama jina kwa mtu asiye wa familia lazima lipite kwa mkaguzi wa gereji. Tangu linunuliwe, halikuwa limewahi kukaguliwa hivyo. Lilipimwa moshi tu.

Tulilipeleka Jumanne, mimi na mama. Mkaguzi alizunguka akitazama taa, akapima breki, akakaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango. Kisha nikamwona kupitia kioo anavuta kishikio. Akavuta tena. Akatutazama.

"Shusha kioo," nikamwambia kwa ishara. "Ndivyo walivyoutengeneza."

Alitoka, akafuta mikono, akaniuliza taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kama kweli naamini kuna kampuni duniani iliyouza gari ambalo dereva hawezi kutoka. Nilifungua mdomo kumjibu na nikasikia miaka yangu miwili yote ikinijia kwa mara moja. Akaandika: limefeli, mlango wa dereva. Mengine yote yalikuwa salama.

Nje, mama aliuliza, "Alisema nini?"

"Mlango ni mbovu."

"Ah. Hiyo tu? Tutatengeneza."

"Mama, kampuni imefungwa. Vipuri havitengenezwi tena."

"Kampuni ilifungwa, lakini mlango iko hapa," akasema akiugonga kwa kiganja. "Kazi yangu iko Jumatatu. Mwanangu, usinililie. Nitafanya namna gani na machozi yako?"

Sikuwa nalia, ila nilikuwa karibu. Nilikuwa nimeshaona Jumatatu yote: mama yuko kituoni, basi haliji, mzee wa watu kitandani anamsubiri, simu ya ofisi inalia, watoto wanafukuzwa nyumbani. Mimi huwa nafika mwisho wa jambo kabla halijaanza. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza, nilipofika huko mwisho sikukaa. Niliona ni pabaya, nikarudi. Nikamwambia, "Jumatatu utakwenda kazini na gari hili." Nikaanza papo hapo kujuta jinsi nilivyosema kwa sauti.

Nilimpigia mzee.

"Nani kakwambia ni mbovu? Waliutengeneza hivyo."

"Mzee, mbona milango mingine inafunguka kwa ndani?"

"Abiria ana haraka. Dereva hana haraka."

"Mkaguzi amekataa."

"Huyo mkaguzi ana umri gani?"

"Kijana tu."

"Basi hajui kitu. Msomi wetu, usinisumbue na watoto. Kama hawalitaki, mwambie fundi alichukue alifanye chuma chakavu. Bora life na heshima yake kuliko kusemwa."

Akakata. Nilishika simu nikifikiri kama nimemkosea adabu, na kama ndiyo, kwa neno lipi. Halafu nikaona kwamba nikimaliza kufikiri hilo itakuwa Ijumaa.

Jioni ile nilisoma mtandaoni. Kumbe wafiwa wengine walikuwa wengi. Kuna watu nchi hii nzima ambao bado wanaendesha magari ya kampuni ile, na wana baraza lao la kuulizana: nani ana taa ya kushoto, nani ameona kifuniko cha tangi, langu limefika maili nyingi hivi, lako je. Mmoja aliandika kwamba gari lake limemzika mume na kumsomesha binti. Mwingine alipiga picha ya mlango wake uliogongwa na swala, hauna hata alama. Niliandika swali langu, nikalifuta, nikaliandika tena nikiomba radhi mara tatu. Nikajibiwa haraka. Kitasa cha ndani kikivunjika, walisema, usihangaike na kukirekebisha. Tafuta gari lililokufa, chukua mlango mzima. Bawaba zake ni za boliti. Unafungua huku unafunga kule.

Siku iliyofuata nilimwandikia bosi wangu kuomba ruhusa ya Alhamisi na Ijumaa. Rasimu ya kwanza ilieleza historia ya kampuni. Ya mwisho ilisema, "Nina dharura ya kifamilia." Nikajiuliza kama huo ni uongo. Nikatuma.

Yadi ya magari chakavu iko hivi: unaingia na spana zako, unazunguka, unang'oa unachokitaka, unalipia mlangoni. Magari yamepangwa kwa kampuni, kila ukoo safu yake. Tulitafuta safu yetu hatukuiona. Kijana wa mapokezi alituelekeza mwisho kabisa, karibu na uzio, kwenye kundi la "mengineyo", ambako walilaza yale ambayo kampuni zao hazipo tena. Tulipita katikati ya mabati yaliyoliwa na kutu mpaka mama akasimama.

"Ile pale. Nyekundu."

Pua yake ilikuwa imesagika yote, lakini ubavu uling'aa kama limeoshwa asubuhi. Mlango wa dereva ulikuwa mzima. Niliingia, nikajifungia, nikavuta kishikio. Ukafunguka. Sijui kama mtu ambaye hajaendesha gari lile anaweza kuelewa nilichohisi. Nikaufunga, nikavuta tena, ukafunguka. Nikaufunga.

"Mwanangu," mama akasema, amesimama na spana mkononi, "unafunga unafungua kama mtu anatafuta mwizi."

"Nataka uhakika."

"Uhakika iko kwa Mungu. Toka tufanye kazi."

"Lakini ni mwekundu. Letu ni la kijani."

"Wazee nitahudumia, wengine hawaoni kabisa. Wengine watafurahi."

Boliti tatu zilitoka kwa hiari. Ya nne ilikataa. Nilimwaga mafuta ya kulainisha, nikasubiri, nikasoma tena kwenye simu, nikaeleza kwa kirefu kwa nini tukilazimisha itakatika na tukiacha hatuondoki. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akaingiza bomba juu ya mpini wa spana ili uwe mrefu, akaniambia, "Njoo tulale juu yake," na tukauegemea wote wawili kwa uzito wetu wote, yeye akiimba pambio la kanisani kwa meno yaliyoumana. Boliti ililia. Nilidhani imekatika. Ilikuwa imelegea.

Mlango ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Tuliubeba kama machela hadi mapokezi, na kule kwenye gari langu jipya, ambalo nilikuwa bado sijaruhusu mtu ale hata karanga ndani yake, tukauingiza kwa nyuma, ukakwaruza kizingiti kwa urefu wa mkono. Nilikitazama kile kikwaruzo. Nikafunga buti.

Kazi ya kuufunga tuliifanyia kwenye maegesho ya nyumba ya mzee, Oxon Hill, kwa sababu ndiko gari lilikokuwa limelala. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba tunakuja. Hakujibu. Tuling'oa mlango wa kijani, tukaweka mwekundu, nao ukakataa kufunga: chini ulitangulia, juu ukabaki. Tulilegeza bawaba, tukainua, tukakaza, tukajaribu. Bado. Mama aliinua, mimi nikakaza, mlango ukashuka kabla sijamaliza. Tulihitaji mkono wa tatu.

Mkono huo ulikuja umevaa kandambili na kofia ya sufu. Mzee alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," nikasema nikiwa nimepiga magoti kwenye lami.

"Marahaba. Mmelishonea kiraka."

"Ndiyo, mzee."

"Chekundu."

"Ndicho kilichokuwepo."

Mama alimsalimia, akamtazama usoni bila haraka. "Papa, mimi njo mwenye atalichukua. Jumatatu niko naanza kazi. Kama mlango haufungi, kazi inaenda kwa mwingine. Utanisaidia kushika hapa chini?"

Nilidhani atageuka arudi ndani. Aliinama, magoti yakalia, akaweka mabega yake chini ya mlango na kuuinua. Mama akashika juu. Mimi nikakaza, safari hii mpaka mwisho, kila boliti. Na akiwa chini pale, uso umeelekea upande wa gari na si wetu, akasema:

"Kampuni haikuutengeneza vile."

Akaendelea, bado ameuinua mlango:

"Uliganda na barafu nikiwa ndani, nikavuta kishikio kwa nguvu, kikavunjika. Kesho yake alikuwa anakuja mgeni wa kwanza. Ningempaje mtu kitu kibovu? Nikamwambia ndivyo ulivyo. Akaamini. Akamwambia mwenzake. Baadaye nikawa nawasikia wananieleza mimi mwenyewe, kwa sababu gani kampuni iliamua hivyo. Mchungaji alikuwa na sababu nzuri kuliko yangu." Alijiinua taratibu. "Na siku hizo maduka yao bado yalikuwa wazi. Wangeutengeneza kwa siku moja."

"Mzee, ukweli ungesema tu," nikamwambia, kisha nikaogopa.

"Wewe uliwahi kuniambia kwamba linakula oili?"

Sikuwahi. Nilikuwa naongeza kila nikijaza mafuta, na nilipomwona kanisani nilimwambia gari halina neno.

Mama alikuwa ameshaingia ndani. Alifunga mlango, ukaingia mahali pake kwa mlio mmoja mzito. Akavuta kishikio. Mlango mwekundu ukafunguka, akatoka.

Ijumaa asubuhi yule mkaguzi aliuona, akainua nyusi kwa ile rangi. Alikaa, akafunga, akavuta. Akatoka. Limepita. Tulikwenda moja kwa moja kuandikisha, mzee akiwa amevaa suti yake ya ubalozini, akatia sahihi, na mama akapata kadi yenye jina lake. Aliisoma akifuata kila herufi kwa kidole, kisha akaipiga picha akaituma ofisini kwao. Jibu likaja tukiwa bado dirishani: Jumatatu, saa moja asubuhi, nyumba ya kwanza ni hii.

Nje, kwenye maegesho, mzee alimfungulia mama mlango wa abiria. Nilijua kinachofuata. Akakohoa, akaweka mkono juu ya paa, akaanza, "Gari halikabidhiwi mtu asiyejua lilikotoka," akamweleza kiwanda cha shambani na bei isiyoshuka, na mama alicheka pale pale tulipocheka sisi sote tuliomtangulia. Alipofika kwenye uyatima akaishia hapo. Akanigeukia.

"Msomi, yaliyobaki sema wewe."

Nimekuwa mtu wa kupima maneno maisha yangu yote. Pale sikupima. Nikamwambia mama kwamba linakula oili, na kila akijaza mafuta avute kijiti cha kupimia, aangalie kabla hajaongeza. Kwamba ule mlio ni feni imechakaa, haipumui. Kwamba buti linaingiza maji mvua ikiwa ya upande, asiweke humo nguo za kazi. Kwamba asubuhi ya baridi liwashwe mara ya kwanza, liachwe, liwashwe tena. Kwamba breki ni nzima, taa ni nzima, matairi yana msimu mmoja tu. Kwamba vipuri havipo madukani na vitakuwa vinazidi kupungua, na lile baraza la mtandaoni nitamwonyesha. Mzee alikuwa anatazama lami, akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja jambo, na mara moja akaniongezea: gia ya tatu, iingizwe kwa upole.

Mama alirudia yote kwa sauti, moja moja, kama mtu anayekariri dawa za mgonjwa. Alikosea moja, nikamsahihisha. Akairudia sawasawa. Kisha akatoka upande wa abiria, akazunguka mbele ya gari, akasimama mbele ya mzee.

"Bon. Sasa ninalijua," akasema. "Leta ufunguo."